Sauti Yako Ina Jirani

Kila mwalimu wa gitaa unayemkuta YouTube, akishamaliza kukuonyesha pa kuweka vidole, lazima afike mahali pa kukuambia: tafuta sauti yako. Sisi waandishi pia tunaambiwa hivyo hivyo. Wachoraji pia. Hata wale wasee wa kuuza kozi za biashara mtandaoni wanaambia watu watafute sauti yao. Sentensi hii imerudiwa mpaka imekuwa kama salamu, na salamu hakuna anayesimama kuuliza inamaanisha nini.

Mimi nimesimama kidogo. Ukiitazama vizuri, ina dai kubwa ndani yake. Inadai kuna sauti fulani, ile yako halisi, imejificha mahali ndani yako, na watu wengine wote, mama, mwalimu, jirani, mteja, ni kelele tu inayokuzuia kuisikia. Ukitaka kuwa mkweli, wapunguze. Ukiwasikiliza, umejisaliti. Hapo hatuongei tena kuhusu muziki. Tunaongea kuhusu maadili, yaani unadaiwa nini na watu unaoishi nao, na jibu tunalopewa kimyakimya ni kwamba hudaiwi kitu.

Nataka kulipinga jibu hilo, na nitaanza na kitu kidogo sana: piki.

Kwa asiyepiga gitaa, piki ni kile kipande cha plastiki chenye pembe tatu ambacho mtu hubana kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili acharaze nyuzi. Si kitu cha bei ya kuogopesha, lakini kina tabia moja ambayo kila mpiga gitaa anaijua: kinapotea. Kinaingia chini ya kiti cha matatu. Kinatoroka kupitia mfuko uliotoboka. Mara nyingine kinaanguka ndani ya gitaa lenyewe, na hata uligeuze na kulitikisa vipi, kinagoma kutoka. Kwa hivyo wengi wetu tunajifunza mapema kujikatia zetu.

Miezi kadhaa sasa nimekuwa nikikata. Nilianza na kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo ndiyo mwalimu wa kwanza wa karibu kila mtu. Kadi za benki dunia nzima zina unene mmoja, milimita 0.76, na kwa bahati nzuri huo ni unene ambao hata watengenezaji wa piki wanaupenda. Unachora umbo, unakata kwa makasi, unasugua ukingo kwenye sakafu ya simiti mpaka ulainike. Sauti yake ni kavu, ya haraka, na kila inapogusa uzi kuna ka-"tik" kadogo mbele ya noti, kama mtu anayebisha mlango kabla ya kuingia.

Baadaye nilijaribu kifuniko cha mkebe wa plastiki. Kiko laini mno. Kinajikunja na noti inatoka imechoka. Nikajaribu kipande cha pembe ya ng'ombe, na hicho kilikuwa kitamu: kigumu lakini si kikali, sauti nene yenye mwanga kidogo juu. Nikajaribu shilingi moja, ile mpya yenye twiga, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba Brian May wa kundi la Queen hupigia sarafu ya zamani ya Uingereza, ile ya peni 6. Sarafu inakwaruza. Ukiipenda, inaipa gitaa sauti ya kusema kwa meno. Ukiichoka, unahesabu tu nyuzi zinavyoliwa.

Wapiga udi wa taarab wana ujuzi wao wa zamani kuhusu haya. Kwa Kiarabu, kipande cha kupigia udi kinaitwa risha, maana yake unyoya, kwa kuwa zamani kilikuwa unyoya hasa, shina la unyoya wa tai. Yaani kabla ya plastiki kuzaliwa watu walishajua kwamba kile unachogusia uzi ni nusu ya sauti yenyewe.

Sababu yake si uchawi. Ncha ngumu na nyembamba huuachia uzi kwa ghafla, na uzi ukiachiwa ghafla hutoa pia zile sauti ndogondogo za juu zinazofanya noti ing'ae. Kitu kipana na laini huuachia uzi polepole, na zile sauti za juu zinakufa kabla hazijazaliwa. Na kitu kipana na laini kuliko vyote mtu alivyo navyo mkononi ni nyama ya kidole gumba.

Kwa kidole gumba nilipelekwa na ukuta.

Kahawa Sukari ni mtaa ambao jina lake bado linakumbuka mashamba ya kahawa, lakini nyumba za siku hizi hazikumbuki shamba lolote. Palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, sasa ghorofa imesimama, na ndani ya ghorofa, kati ya keja na keja, kuna tofali moja na plasta. Unajua jirani anapika saa ngapi, anaomba saa ngapi, na kama ugomvi wa jana uliisha. Upande wa pili wa ukuta wangu anaishi mama mmoja anayefanya kazi ya usiku. Anarudi asubuhi, wakati sisi wengine tunaanza siku na Thika Road imeshaanza kunguruma, na analala mpaka mchana. Asubuhi ndiyo saa yangu nzuri ya gitaa. Ndiyo usiku wake wa manane.

Sasa, mtu wa "tafuta sauti yako" angeniambia kuna njia mbili tu: ama nipige nilivyo, ama ninyamaze. Mimi nilitaka kujua kama kuna ya tatu. Nilimpa rafiki gitaa, nikatoka kusimama kwenye korido, mlango umefungwa, nikamwambia apige kwa kila piki, moja baada ya nyingine. Nikagundua mambo mawili. La kwanza, kinachokera si ukubwa wa sauti peke yake. Ni ile "tik". Noti inaweza kuwa ya chini kabisa, lakini mwanzo wake ukiwa mkali, sikio linashtuka kila mara. La pili, sauti nzito hupenya ukuta kuliko nyembamba. Ndiyo maana muziki wa baa ya mbali hukufikia ukiwa besi tupu, bila mwimbaji. Kwa hivyo kubadilisha piki peke yake hakutoshi. Lazima pia uishughulikie ile besi.

Nikasogeza kiti mbali na ukuta. Nikaweka soksi iliyokunjwa chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinapofungiwa. Piki nikaziweka kwenye kikombe. Nikaanza upya na kidole gumba, nyama tupu, ubavu wa kiganja ukilala juu ya nyuzi nene.

Baada ya wiki kadhaa tulikutana na jirani kwenye ngazi, yeye anaingia, mimi natoka kununua maziwa.

"Siku hizi uliuza gitaa?" akaniuliza.

"Hapana, anti. Napiga kila siku."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ukiwa umelala."

Akafikiria kidogo. "Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani ni redio ya mtu huko chini."

Niliipenda hiyo kuliko sifa yoyote. Lakini iliniachia swali ambalo ndilo limenifanya niandike. Kidole gumba ni kizito. Hakikimbii kama piki. Kwa hivyo noti zangu zilipungua, na zile zilizobaki zikalazimika kubeba kazi zaidi. Mkono wa kushoto ukaanza kufanya mambo ambayo zamani nilimwachia wa kulia. Nafasi kati ya noti na noti ikawa sehemu ya wimbo. Siku hizi hata nikipiga mahali ambapo hakuna anayelala, mkono unaenda huko wenyewe, na marafiki wananiambia, "Hii ndiyo sauti yako sasa." Yangu? Imetengenezwa na usingizi wa mtu mwingine.

Kuna aliyenitangulia katika hili, na ni mkubwa sana. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi kutoka Indianapolis, Marekani, alikuwa na familia na kazi ya kiwandani mchana. Gitaa alibaki nalo usiku. Watu wakalalamikia kelele za piki na kipaza sauti. Akaweka piki chini, akaanza kupiga kwa kidole gumba. Alifariki mwaka 1968, na mpaka leo wapiga gitaa duniani wanatumia miaka kutafuta ile sauti nene, ya mviringo, ya kidole chake. Wanaiita sauti ya Wes. Hakuna anayeiita sauti ya majirani wa Indianapolis, lakini nao walikuwemo.

Ukianza kuangalia hivyo, hata huku kwetu unaona kitu hicho hicho kila mahali. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo ni Likasi, akamrekodi. Mmoja wa nyimbo zake, "Masanga", ukasafiri mpaka miaka ya 1961 na 1962 msomi David Rycroft akachapisha uchambuzi wa kina wa upigaji wake katika jarida la African Music. Msomi mzima akiandika noti moja moja ili aelewe kidole gumba na kidole cha shahada vinafanya nini. Mwenda hakuwa na bendi nyuma yake pale. Mtu mmoja na gitaa kavu alipaswa kuwa besi, mdundo na wimbo kwa pamoja, na mbele ya masikio ya watu wa karibu, si mbele ya spika. Piki moja isingeweza kugusa nyuzi mbili za mbali kwa wakati mmoja. Vidole viwili viliweza.

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo walitumia pia kidole gumba na cha shahada, na kando yao mtu akishika mdundo kwa chupa ya Fanta. Hebu fikiria hiyo chupa. Gitaa lisilo na umeme, likipigwa kwa nyama ya vidole, linaacha nafasi ya chupa ya soda kusikika. Ungelipiga kwa nguvu za piki ngumu, ungemfukuza mwenye chupa kwenye wimbo.

Halafu angalia upande wa pili. Benga ilipochipuka, gitaa la umeme lilichukua mistari ya nyatiti, ile ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8 ambayo mpigaji huikalia chini, anakwanyua nyuzi kwa vidole na kugonga ala kwa pete ya chuma iliyovaliwa kidole cha mguu. Mistari hiyo ilipohamia kwenye kumbi za kucheza, mbele ya watu waliokuja kutoa jasho, ilihitaji ukali. Ile "tik" ninayoifukuza mimi asubuhi ndiyo inayomwinua mtu kwenye kiti chake usiku. Na ukiteremka hapa Thika Road wikendi, utamkuta mtu mmoja na gitaa lake na mashine ya mdundo, akipiga mugithi mpaka alfajiri. Mugithi ni gari la moshi kwa Kikuyu, na watu wanajipanga mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa. Huyo akija na nyama ya kidole gumba, treni haitoki stesheni, na kidole chenyewe kitakuwa kidonda kabla ya saa saba. Anahitaji piki, tena ngumu.

Kwa hivyo navyosoma mimi, hakuna mkono sahihi wa gitaa uliojificha ndani ya mtu ukingoja kugunduliwa. Kila mkono ni jibu. Swali ni: nani yuko karibu, na amekuja kufanya nini?

Hapa najua wengine mmeshaanza kunikunjia uso. Mnasema, sawa, lakini tukikubali hilo, si tumewapa watu wote rimoti ya maisha yetu? Watu wa karibu ndio hao hao wanaokuambia usivae hivyo, usiandike hivyo, usipige hiyo. Nyatiti yenyewe ilihesabiwa ala ya wanaume. Orutu vilevile. Kama Eriko Mukoyama kutoka Japani, tunayemjua kama Anyango, angesikiliza masikio yaliyozoea, asingeishika nyatiti. Labdi Ommes asingetupigia orutu. Kuna masikio ambayo hayataki usikike kabisa, na kuyaheshimu si adabu. Ni kukubali kuzikwa.

Ni kweli. Na kwa muda sikuwa na jibu, mpaka nilipoacha kuuliza nani anakerwa, nikaanza kuuliza nani hawezi kuondoka.

Mzee anayechukizwa na mwanamke mwenye nyatiti anaweza kuinuka na kwenda zake. Asiyependa wimbo wangu kwenye simu yake anaupitisha kwa kidole. Mlevi asiyetaka mugithi ana baa nyingine mita 50 mbele. Kuchukizwa kwao ni halisi, lakini wana miguu. Jirani yangu hana pa kwenda. Kitanda chake kiko pale, kodi ameshalipa, na usingizi huo ndio anaotumia kubeba kazi ya usiku ujao. Mtu asiyeweza kuondoka ana dai la kwanza juu ya sauti yako, kabla ya shabiki, kabla ya mkosoaji, kabla hata ya ndoto zako. Ndiyo sababu spika ya matatu inaudhi kuliko spika ya klabu hata zikiwa na nguvu sawa: klabuni ulienda kuifuata, kwenye matatu umeketi katikati ya watu wanne na stesheni yako bado.

Na dai lake lina mpaka. Jirani ana haki juu ya saa na kiasi. Hana haki ya kuamua kama niwe na gitaa. Angeniambia vijana wa maana hawapigi gitaa, watafute kazi, hilo ni oni lake, na ninaweza kulisikia na kuliacha hapo kwenye ngazi. Usingizi wake sio oni.

Kuna pingamizi la pili, na hili linauma zaidi kwa sababu lina haki ndani yake. Kwa nini mimi? Mtaani kuna baa zinazotetemesha madirisha, kuna kesha za spika nne zikielekezwa barabarani, kuna grinda za mafundi wa vyuma. Tuna hata kanuni za serikali kuhusu kelele, za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, na besi bado inapita kwenye ukuta kama haijazisoma. Halafu mtu mwenye kigitaa cha mbao ndiye anaweka soksi chini ya nyuzi? Si hiyo ndiyo desturi yetu, adabu kudaiwa wadogo na wakubwa kuachiwa?

Ndiyo, ni desturi yetu, na ni mbaya. Lakini deni langu si la baa. Mimi na baa hatujachanga kwenye chama kimoja ambapo asipolipa yeye na mimi nasimama. Ninamdai mwenye baa kwa njia ya kudai: barua, malalamiko, majirani kumi waliosaini. Jirani yangu ninamlipa kwa njia ya kulipa. Nikichanganya hayo mawili, matokeo yake ni moja tu: mama aliyeibiwa usingizi na baa usiku wake wa mapumziko anaibiwa tena na mimi asubuhi, na mimi najiita mwanaharakati.

Zaidi ya hayo, mwenye baa amekosa kitu ambacho sitaki kukikosa. Mashine yake ina kitufe kimoja cha kuongeza na kupunguza. Haijawahi kulazimika kujua tofauti kati ya "tik" na noti, kati ya pembe na nyama, kati ya besi inayopenya na ile inayobaki chumbani. Mimi nimeyajua hayo yote kwa sababu ya mtu mmoja aliyelala. Sisemi kila kizuizi ni baraka. Mtu mwenye njaa haambiwi njaa inamfundisha kupika. Nasema tu kwamba nilipoangalia vizuri, yale niliyojifunza kwa kujali yalikuwa mengi kuliko yale niliyojifunza kwa kujitafuta.

Kwa hivyo ukiniuliza leo sauti yangu ni ipi, nitakuuliza saa ngapi. Saa 12 jioni nasikia kufuli ya jirani, halafu viatu vyake vikishuka ngazi kwenda kazini. Natoa ile piki ya pembe kwenye kikombe, natoa soksi, nafungua dirisha la barabarani. Dirisha la upande wa uani naliacha limefungwa mpaka saa 2, kwa sababu chini pale kuna mtoto wa darasa la 6 anafanya homuweki mezani, na yeye pia hana pa kwenda.